Paka kapotea na presha imepanda: namna ya kumtafuta bila kuvuruga dawa zako

Kama uko kwenye kundi la mashoga, marafiki wa kike, WhatsApp hii utakua unaijua, mmoja anaandika saa nne usiku "jamani paka wangu Pilau hajarudi tangu jana asubuhi, sijala, kichwa kinagonga, presha naona imepanda", bas hapo simu haitulii tena, huyu anamwambia kaangalie darini, yule anamwambia meza amlodipine (dawa ya presha) mbili ulale, wa tatu anasema mwenzio nina diazepam (vidonge vya kutuliza wasiwasi) zilibaki za mama nikuletee kesho, na mtu akiwa na wasiwasi anapokea yote kwa mkupuo, ya paka na ya vidonge, anaona yote sawa. Me msimamo wangu ni huu, habari ya paka msikilize kila mtu hadi muuza maji maana hujui nani kamuona, ila habari ya vidonge usimsikilize hata mmoja kwenye hilo kundi, hata mimi, zaidi ya yule anayekwambia soma cheti chako na mpigie aliyekuandikia dawa. Humu chini nimeandika vyote viwili kwa sababu kwenye maisha havikai mbalimbali, anayezunguka na tochi usiku ndo huyo huyo mwenye sukari, mwenye pumu, mwenye kidonge cha saa mbili hajakimeza.

Anza ndani ya nyumba kabla hujatoka nje. Na nikisema ndani simaanishi chini ya kitanda tu, namaanisha watu. Uliza kwa upole kabisa, nani alifungua geti, fundi alikuja, gari la kuleta kitanda lilisimama wapi, nani alifungua stoo. Na kuna swali moja gumu ambalo wengi wanaliruka kwa aibu, je kuna mtu humu ndani alishamchoka huyu paka? Maana hapa kwetu tunajuana, paka asiyetakiwa anawekwa kwenye kiroba, anapewa dogo wa bodaboda buku mbili akamwache sokoni kwenye samaki, na mwenye paka akirudi anaambiwa "aaah si unajua paka, atakua kaenda kutembea".

Nakwambia hivo kwa sababu nina shoga yangu yalimkuta. Mama mkwe alikuja kukaa kwake kwa ajili ya kliniki, akabadilishiwa dawa ya presha, wiki chache mbele akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, hakina makohozi, kinamshika zaidi usiku akilala. Nyumba nzima ikaamua ni manyoya ya paka. Mama akanyweshwa tangawizi, asali, sirapu ya kikohozi, wapi, mwisho paka, mwana wa watu, akapelekwa Feri, soko la samaki, kwenye kiroba, na bi mkubwa akaendelea kukohoa vile vile. Waliporudi kliniki nesi kaangalia cheti, enalapril, akauliza tu "kikohozi kilianza kabla au baada ya hiki kidonge?" Zile dawa za presha ambazo majina yake yanaishia na "pril", captopril, enalapril, lisinopril, zinajulikana kabisa kwa kuleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, haimaanishi dawa ni mbaya, inamaanisha mwili wako hauelewani nayo na daktari anaweza kukubadilishia ukapewa kama losartan ambayo kikohozi hicho kwa kawaida haileti. Daktari lakini, sio wewe kuacha tu kumeza. Na kikohozi chenyewe hakikatiki siku hiyo hiyo, kinaweza kuchukua wiki kadhaa ndo kiishe, kwa hiyo usiseme baada ya siku mbili "si nilisema ni paka".

Aleji ya paka ipo, siikatai, ila mara nyingi inakuja na macho kuwasha, chafya, pua kutiririka, au kifua kubana kwa mwenye pumu, na kinacholeta shida ni protini iliyoko kwenye mate na ngozi ya paka anayojilambia mwilini, sio unyoya wenyewe. Kikohozi kikavu peke yake, kilichoanza baada ya dawa mpya, kwa mtu ambaye kakaa na paka miaka bila shida, nenda na cheti kliniki kabla hujatafuta kiroba.

Haya. Kama ndani wote wasafi, kaa chini ujiulize huyu paka kaondoka kwa staili gani, maana hilo ndo linakwambia utafute wapi. Dume ambaye hajahasiwa akisikia jike mtaa wa pili ameshika joto anapotea siku kadhaa halafu anarudi kakonda ana kovu jipya usoni, huyo hata ukilia atarudi akimaliza mambo yake (ingawa wengine wanagongwa na gari humo humo njiani, ndo maana mwisho nimeongelea kuhasi). Jike mwenye mimba karibu na kuzaa, na mimba ya paka ni miezi miwili na siku kidogo, atatafuta sehemu ya giza, boksi la nguo, juu ya dari la jirani, ndani ya gari bovu. Paka aliyeshtuka, labda radi, fataki, kigodoro cha jirani, mbwa mgeni, huyo hajaenda mbali, kajibana sehemu ya kwanza aliyoiona na hatoki. Mliohama nyumba juzi juzi mwangalieni kule mlikohama kama sio mbali, anaweza akawa amekaa kwenye kile kibaraza cha zamani anashangaa mmeenda wapi. Na paka mgonjwa anajificha, hii wengi hawajui, akiumwa haji kukulilia, anatafuta kona.

Sasa kosa linalofanyika karibu kila nyumba ni kwenda mbali haraka. Mtu anapanda bajaji anazunguka mitaa mitatu anaita "Pilau, Pilau", wakati Pilau yuko chini ya kontena la jirani hatua thelathini kutoka mlangoni na anamsikia kabisa. Kuna utafiti ulitoka 2018 uliofatilia habari za paka zaidi ya 1,200 waliopotea, robo tatu ya waliopatikana walikutwa ndani ya mita 500 kutoka walipotokea, na theluthi moja hivi walipatikana ndani ya siku 7 za kwanza. Kuhoji kwa mguu na kuchungulia kwa macho ndo kulisaidia. Kwa hiyo siku za mwanzo chora duara dogo ulichambue, usiliruke.

Na paka aliyeogopa hajibu. Hili liweke kichwani kwa sababu linawavunja watu moyo, unamuita kwa sauti ile ile ya kila siku ya chakula na yeye kanyamaza kimya, unahisi hayupo au keshakufa, kumbe kwake kukaa kimya ndo kujiokoa. Ndo maana kuita peke yake hakutoshi, lazima upige magoti uchungulie. Omba ruhusa kwa majirani, usingoje waangalie wao, jirani akikwambia "hayupo hapa" maana yake kaangalia kwa macho kutoka mlangoni. Mwambie samahani jirani naomba niingie mwenyewe uani nichungulie nyuma ya tenki, chini ya ngazi, kwenye banda la kuku, kwenye matofali yaliyopangwa, kwenye magunia ya mkaa, juu ya dari kama kuna kitundu, ndani ya boneti ya gari ambalo halijawashwa. Stoo na vyumba vya biashara vilivyofungwa ndo hatari zaidi, paka anaingia mchana mwenye duka akipanga mizigo, jioni anafungiwa, na kama mwenyewe kasafiri wiki bas paka anakaa wiki bila maji. Mpigie simu aje afungue, mlipie hata nauli.

Muda mzuri ni usiku sana au alfajiri kabla ya adhana, mtaa umetulia, magari hakuna, na yeye mwenyewe ndo anapata ujasiri wa kusogea. Tochi usiishike chini kwenye kiuno, ishike pembeni ya jicho lako, usawa wa macho, alaf mulika taratibu chini chini ya vitu. Macho ya paka yana utando nyuma unaorudisha mwanga, utaona vidoti viwili vya kijani au njano vinawaka hata kama mwili huuoni. Ukiviona usikimbilie! Kaa chini hapo hapo, geuza uso pembeni, ongea polepole, fungua kimfuko cha dagaa au kipande cha kibua cha kukaanga, acha harufu ifanye kazi. Ukimkurupukia anahama na hapo ndo anaenda mbali kweli. Nyumbani acha mlango au dirisha moja wazi kiasi cha kupita paka, weka pembeni nguo uliyoivaa bila kuifua na bakuli lake, maji pia. Chakula kingi usikiache nje usiku kucha maana utalisha paka wa mtaa mzima na dume mmoja mbabe atamzuia wako asisogee.

Hapa sasa ndo dawa zinaingia, kwa sababu wewe unayepiga magoti saa tisa usiku una mwili.

Mwenye sukari anayetumia insulini au vidonge vya glibenclamide asitoke kutafuta bila kula. Unajidunga au unameza, halafu chakula hakipandi kwa mawazo, halafu unatembea saa nzima, sukari inashuka. Dalili zake mikono kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, na vibaya zaidi dalili zenyewe zinafanana na wasiwasi wa paka kwa hiyo unasema aah ni presha tu ya mawazo. Tembea na pipi au soda ya sukari mfukoni (sio ile isiyo na sukari, haitokusaidia hapo), ukijisikia hivo kunywa kwanza maswali baadaye, alaf ule kitu kizito. Na usitoke peke yako. Metformin, kidonge kingine cha sukari, peke yake mara chache inashusha sukari mpaka hapo, ila ile ukiimeza tumbo tupu tumbo litakuvuruga, imeze na chakula.

Mwenye pumu anayeenda kuchungulia darini, stoo, kwenye vumbi la mkaa, pampu yako ya bluu iwe mfukoni sio kwenye kabati, na barakoa zile zilizobaki za korona zivae. Unayemeza Piriton kwa ajili ya mafua au aleji ujue inalevya usingizi, usiimeze halafu ukapanda ngazi kuangalia dari, cetirizine kwa wengi hailevyi sana ila na yenyewe jipime kwanza. Dawa ya kukojoa ya presha, ile ya maji, kama umeandikiwa asubuhi imeze asubuhi, ukiihamishia usiku kwa sababu mchana ulikua unatafuta paka utakesha chooni.

Tukija kwenye lile la "nimesahau kumeza". Hapa makundi ya marafiki yanaharibu watu. Kwa dawa nyingi za kila siku, zikiwemo nyingi za presha, utaratibu wa kawaida ni ukikumbuka siku hiyo hiyo meza, ukikumbuka wakati dozi inayofata imeshakaribia iruke hiyo uliyosahau uendelee na ratiba, na kamwe usimeze mbili kufidia. Zipo dawa zina utaratibu wake tofauti, kwa hiyo kile kikaratasi kilichokunjwa mara kumi ndani ya boksi kisome au muulize mfamasia, kuuliza ni bure. Na ile ya "meza amlodipine mbili usiku huu ishuke", haifanyi kazi hivo, amlodipine ni dawa ya polepole, inajijenga mwilini siku kadhaa na inakaa muda mrefu, ukiongeza leo haishushi presha ya leo, kesho ndo unaamka na kizunguzungu na vifundo vimevimba. Kuacha ghafla nako kuna dawa hazitaki kabisa, atenolol na propranolol kwa mfano, dawa za presha na moyo, ukizikata tu moyo unaweza ukafanya vurugu, hizo zinapunguzwa na daktari.

Kabla hata ya kusema presha imepanda, ipime vizuri. Mtu katoka kulia, katembea mitaa miwili, anakaa anavaa mashine hapo hapo inasoma 168 anapiga kelele. Nenda haja ndogo, kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini usiipishanishe, mkono juu ya meza usawa wa moyo, tulia dakika 5 bila kuongea, na kama ulikunywa kahawa subiri nusu saa. Alaf pima mara mbili. Kama bado iko juu sana, au iko juu na una maumivu ya kifua, unakosa pumzi, macho yanaona ukungu, upande mmoja wa mwili umelegea au maneno yanakukatika, hapo paka aache kwanza, ni hospitali muda huo huo, na kundi mtaliambia mkiwa njiani.

Kichwa cha mawazo kinapelekea Panadol (ndo paracetamol), sawa, ila hesabu. Mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na sio nane kwa mkupuo, ni kimoja au viwili na kuachia angalau masaa manne katikati, na mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe au mwenye mwili mdogo apunguze, amuulize daktari. Kinachoponza watu ni dawa za mafua na vidonge mchanganyiko vya maumivu ambavyo ndani vina paracetamol vile vile, unameza Panadol mbili, unameza na ya mafua, jioni jirani anakupa cha mgongo, umeshavuka bila kujua. Geuza boksi usome kilichomo. Na dawa za maumivu za diclofenac na ibuprofen kwa mwenye presha au vidonda vya tumbo au figo sio vya kumeza kiholela, vinaweza kupandisha hiyo hiyo presha unayoilalamikia.

Diazepam za mama wa mtu, hapana. Kidonge cha presha cha shoga yako eti "tunaumwa ugonjwa mmoja", hapana pia. Yeye kaandikiwa kwa figo zake na umri wake, wewe labda una mimba changa hata hujajua na hizo za "pril" kwenye mimba zinaweza kumdhuru mtoto. Antibiotiki zilizobaki ndo kabisa, na kwanza hazikutakiwa kubaki. Rafiki anayetaka kusaidia kweli akuletee uji, akukumbushe saa mbili kumeza cha kwako, akushikie tochi.

Tangazo. Picha mbili tu, moja ya uso na moja ya ubavu mzima, iwe ya karibuni, usiweke ile aliyovishwa kofia ya sikukuu. Andika mtaa, siku, jinsia, na namba ya simu. Ila alama moja ifiche, mfano kidoa cheusi chini ya kidole cha mguu wa nyuma, au mkia uliopinda nchani, usiiandike popote. Maana matapeli ni wale wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", watakupigia dakika kumi baada ya tangazo, "dada paka wako ninaye niko Kibaha, tuma elfu ishirini ya nauli nikuletee". Muulize ile alama, mwambie apige video sasa hivi. Akianza ooh simu yangu haina kamera, kata. Zawadi itoe paka akiwa mkononi na ukubwa wake usiutaje kwenye tangazo.

Watoto wa mtaa ndo wapelelezi wakubwa, wanajua kila kichochoro, waambie atakayemuona asimkimbize, aje aseme, atapata soda. Mjulishe mjumbe, mama ntilie, wauza samaki, walinzi wa usiku, wazoa taka (hawa muhimu, wanaamka mapema na wanaona na waliogongwa pia, inauma ila bora kujua). Kama kweli alipelekwa sokoni kwenye kiroba bas nenda sokoni siku hiyo hiyo, alfajiri na jioni wakati wa kufunga, anza pale pale alipoachiwa, sio soko zima. Yule wa shoga yangu alipatikana nyuma ya mapipa ya barafu, mita chache kutoka dogo wa bodaboda alipofungulia kiroba, kalowa, kachafuka, kamng'ata mtu mzima mkono.

Na hapo pa kung'atwa tusipapite haraka. Paka aliyeogopa anang'ata hata mwenye nyumba wake. Jino la paka ni jembamba na linaingia ndani, juu unaona kitundu tu, ndani bakteria wamepandikizwa, kesho mkono umevimba kama andazi. Osha muda huo huo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, dakika 15 za saa sio za kukadiria, alaf nenda kituo cha afya, hasa kama ni kwenye mkono au kiungo, hasa kama una sukari. Habari ya kichaa cha mbwa usiichukulie poa, jina ni la mbwa ila paka naye anakipata na anakiambukiza, na dalili zikishaanza kwa binadamu karibu hakuna anayepona, chanjo ya baada ya kung'atwa ndo inayookoa na inatolewa kwa sindano kadhaa kwa tarehe utakazopangiwa, usiishie ya kwanza kwa sababu mkono umeacha kuuma. Kitunguu swaumu, majivu, pilipili juu ya kidonda, acheni.

Haya umempata. Anatetemeka, ana vidonda, unaona huruma unataka kumpa nusu ya Panadol. USIMPE. Sio nusu, sio robo, sio ya sirapu ya mtoto. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja paracetamol kama la binadamu, inaharibu damu yake isibebe oksijeni, ufizi unageuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu vinavimba, anahema kwa shida, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua. Ibuprofen, diclofenac, zote hizo sio zake. Kama keshameza au mtu kampa kwa nia njema mkimbize kwa daktari wa mifugo hapo hapo na boksi la dawa mkononi, usisubiri dalili, usimtapishe kwa chumvi wala maziwa.

Dettol nayo usimwogeshee. Dawa za kuua vijidudu za aina hiyo zina kemikali ambazo paka akijilamba zinamuunguza na kumtia sumu, mafuta ya taa ya kuulia viroboto vile vile, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin inampa degedege. Kidonda safisha na maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye nusu lita, bas, mengine mwachie daktari wa mifugo, kila halmashauri ina ofisi ya mifugo, na walio Morogoro kuna hospitali ya wanyama pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Chakula mpe kidogo kidogo mara nyingi, asishindiliwe samaki mzima baada ya siku nyingi za njaa, na kama siku mbili amegoma kula usingoje, paka akikaa bila kula ini linajaa mafuta anazidiwa, hasa wale wanene.

Mwenye kuchuliwa magoti na jeli za maumivu, nawa mikono kabla ya kumpakata na usimwache alambe ngozi yako. Mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya paka kufa kwenye nyumba ambazo mtu alikua anajipaka dawa ya maumivu yenye flurbiprofen, paka wenyewe hawakupakwa kitu. Vidonge vyako hamishia kwenye kopo lenye mfuniko ndani ya droo, sio mezani, paka anapenda kusukuma vitu vidondoke acheze navyo na ukute ndo kidonge chako cha saa mbili kiko chini ya friji. Mwenye insulini ambayo hujaifungua inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, isigande, na asifungue friji kila saa kutafuta samaki wa paka, weka vya paka rafu ya mlangoni.

Akishapona mhasi. Dume anaacha kuzurura kwa kiasi kikubwa, jike hakuletei watoto sita juu ya dari, operesheni yenyewe ni fupi kwa anayeijua kazi. Chanjo ya kichaa cha mbwa apate kuanzia miezi mitatu na aendelee kurudia kama daktari atakavyokupangia, na kadi itunze pamoja na cheti chako cha kliniki, bahasha moja, maana siku ya kung'atwa mtu hospitali watakuuliza vyote viwili. Mkanda wa shingoni ununue ule unaofunguka ukivutwa kwa nguvu, namba ya simu andika kwa kalamu ya wino usiofutika, na kama mnahamia nyumba mpya mfungieni ndani wiki mbili tatu kabla ya kumwacha atoke.